Njia ya Maji Kati ya Mawe

Mume wangu alisaga mawe ya watu kwa miaka mingi pale Masumbwe, kwenye karasha yake mwenyewe, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na vumbi la mawe hayo likamwingia kifuani likakaa. Daktari wa Dar es Salaam alitubandikia picha ya mapafu yake kwenye taa tukaiona. Madoa meupe yalikuwa yametapakaa kila upande. Akasema vumbi hilo halitoki, dawa ya kulitoa hakuna, kilichobaki ni kumtunza asichoke. Nililia palepale mbele ya daktari bila haya. Mume wangu hakulia. Alisema, "Asante, daktari," na tulipotoka akaniuliza kama nimewaona wale samaki.

Samaki wenyewe walikuwa kwenye chumba cha kusubiria, ndani ya tangi la kioo lenye maji ya bahari. Walikuwa rangi ya chungwa, wana mistari myeupe, wanaingia na kutoka kwenye matundu ya mawe. Tulikuwa tumekaa mbele yao asubuhi nzima tukingoja kuitwa, na yeye hakutazama kitu kingine. "Nikiwaangalia hawa kifua kinafunguka," aliniambia. Niliudhika sana. Mtu ametoka kuambiwa habari ya kifo chake, yeye anazungumzia samaki.

Tuliporudi nyumbani akauza karasha. Mimi nilijua tutafungua duka la nafaka, tupate cha kula atakapokuwa hajiwezi, maana watoto wetu walikwishaondoka kila mmoja na maisha yake. Badala ya duka likaja lori, na ndani ya lori tangi la kioo lililoviringishwa mablanketi, pampu, taa, mifuko ya chumvi ya bahari, na maboksi ya mawe. Mawe! Masumbwe, ambako huwezi kupiga hatua hujakanyaga jiwe, mume wangu kaagiza mawe kutoka Dar es Salaam. Yalikuwa matumbawe yaliyokauka, meupe, mepesi, yamejaa vitundu. Majirani walikuja kuchungulia. Nilicheka kwa hasira mpaka shemeji yangu, mdogo wake mume wangu aliyekuja kusaidia kubeba, akaona aibu kwa niaba yetu.

Nilidhani mawe yanatumbukizwa tu. Kumbe kuyapanga ndiyo kazi yenyewe. Muuza samaki wa Dar alimwelekeza kwa simu, na yeye akaiweka sauti ya nje nami nikasikia nikiwa nachambua mchele.

"Mzee, usianzie ndani ya tangi. Tandika turubai chini, upana uleule wa tangi, upangie hapo kwanza. Makubwa yakae chini. Yasiguse kioo. Na usijenge ukuta, mzee wangu. Acha maji yapite katikati. Maji yasipopita uchafu unajikusanya, hewa inaisha, kila kitu kinakufa."

Alianza yeye. Aliokota jiwe, akaliweka, akakaa, akakohoa, akaokota lingine. Jioni palikuwa na lundo katikati ya turubai, sawasawa na lundo la mawe yanayongoja kusagwa. Maisha yake yote mawe aliyajua hivyo tu, yamerundikwa yanasubiri zamu.

"Hilo ni la karashani," nikamwambia. "Samaki watakaa wapi?"

"Basi njoo upange wewe, mama watoto."

"Mimi sipangi ujinga."

Lakini kesho yake niliinuka nikapanga. Nimezaliwa upande wa Shinyanga, kijiji kilichozungukwa na majabali. Utotoni tulicheza humo kutwa, na nilijua jinsi jiwe kubwa linavyokaa juu ya dogo utadhani litaanguka sasa hivi, na halianguki. Nilivunja lundo lake. Nikasimamisha vilima viwili, kimoja kirefu kimoja kifupi, vikae pembeni visikae katikati. Kati yake nikaacha njia. Kwenye kile kirefu nikalaza jiwe bapa juu ya mawili, pakawa na pango lenye mlango huku na mlango huku. Yeye alikuwa kwenye kiti chake anaelekeza: toa hilo, geuza, lenye tumbo litazame chini, sogeza mbele kidogo, hapana, rudisha. Tuligombana kwa kila jiwe. Aliinama akachungulia kwenye pango, akapuliza, akahisi pumzi yake kwenye kiganja alichokiweka upande wa pili. "Inapita," akasema, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

Zile zilikuwa siku nzuri kuliko zote tulizopata baada ya Dar. Ndiyo maana siwezi kuzikumbuka bila kuumia.

Tuligandisha mawe kwa gundi yake, tukayahamishia ndani, tukamwaga mchanga na maji tuliyoyachuja na kuyatia chumvi. Tangi likakaa wiki kadhaa bila kiumbe, maji yapevuke kwanza yaweze kulea samaki. Ndipo wakaja samaki wawili kwenye mifuko iliyojazwa hewa, pamoja na kamba mmoja mwekundu na matumbawe hai madogo tuliyoyapachika kwenye vilima. Samaki walikwenda moja kwa moja kwenye pango langu. Mume wangu akawa anakunywa chai mbele yao, anakula mbele yao, anasinzia mbele yao. Nikisema alipata nafuu nitakuwa mwongo. Alikohoa vilevile. Ila aliacha kulala akiwa ameugeukia ukuta.

Sasa, juu ya kabati la televisheni palikuwa na jiwe lake. Lilikuwa jiwe la kwanza alilolitoa kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, akiwa kijana. Jeupe, lina vipande vya manjano vinavyong'aa, na hiyo si dhahabu, ila alilipenda kuliko vitu vyote vya nyumba ile. Siku moja akasema liwekwe juu ya kilima kirefu.

"Humo silitaki," nikasema.

"Kwa nini?"

"Silipendi."

Sikuwa na sababu nyingine. Niliyachukia mawe yote ya machimbo, basi. Ningekuwa nayajua mambo ya maji ya chumvi ningemweleza naye angesikia, alikuwa mtu wa kusikia. Lakini nilichokuwa nacho ni hasira, na hasira yangu alikwishaizoea. Alimwita mdogo wake, wakaliweka. Taa ilipolimulika niliona limependeza. Nikaenda jikoni.

Haikupita muda mrefu, michirizi ya rangi ya kutu ikaanza kushuka kwenye mawe meupe. Kamba akafa. Matumbawe yakajifunga, kisha yakapauka. Asubuhi moja nilisikia naitwa kwa sauti ambayo sikujua kwamba bado anayo. Samaki walikuwa juu kabisa ya maji, midomo wazi, mashavu yanakwenda mbiombio.

"Wanahema," akasema. "Mama watoto, wanahema kama mimi."

Nilipiga simu Dar mwenyewe. Muuza samaki aliuliza kama tumeweka kitu kipya, nikamtajia jiwe.

"Mama, jiwe la mgodini? Litoeni sasa hivi! Mawe hayo yana shaba na vitu vingine, kwenye maji ya chumvi vinatoka. Ni sumu."

Tulilitoa, tukabadilisha maji ndoo kwa ndoo, shemeji akimwaga mimi nikichanganya chumvi, na mume wangu kwenye kiti akiwasemesha samaki kwa Kisukuma kama wagonjwa. Wa kwanza alikufa kabla ya adhuhuri. Wa pili aliingia kwenye pango, hakutoka tena. Ilibidi niingize mkono kumchukua.

Jiwe nililitupa barabarani. Yeye hakulitafuta wala hakuagiza samaki wengine. Alichoniomba ni kwamba mawe nisiyavunje. Tukaondoa maji, tangi likabaki kavu, vilima viwili na njia yake katikati, na kila siku aliniambia niwashe taa. Nilitaka kumwambia hapo hakuna kitu cha kutazama. Nikawa nawasha. Baadaye akawa hawezi tena kulala chali, analala ameketi, na mimi nalala sakafuni karibu na miguu yake nikisikiliza pumzi yake inavyotafuta pa kupita. Alifariki asubuhi, kwenye kiti kilekile, macho kwenye mawe.

Tulimzika kwao. Baada ya kufukia, vijana walileta mawe ya kuzunguka kaburi na kulifunika, wakawa wanayamwaga tu na kuyashindilia, na shemeji anakoroga saruji ya kuzibia. Nilivumilia nikashindwa. Wanawake walinishika kanga, nikaponyoka.

"Msirundike hivyo," nikasema. "Makubwa chini. Acheni nafasi."

Mama mkwe akaniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, njoo ukae." Sikwenda. Nilipiga magoti nikavuta mawe mawili, nikaacha uwazi kati yake, nikaweka kiganja.

"Nafasi ya nini, shemeji?" mdogo wake aliniuliza taratibu.

"Ya hewa," nikasema. "Ipite."

Alinitazama, macho yamemjaa machozi. Kisha akauondoa mkono wangu kwa upole, akamimina saruji.