Pepo Aliyetaka Shule

Watu huniuliza mtu wa Msambweni aliingiaje katika tamthilia za kale za Kiingereza mpaka akazeekea humo. Huwajibu kwamba nilipenda mashairi yake. Uongo mtupu. Niliingia kwa mlango wa nyuma, nimefunikwa leso ya bibi yangu.

Miaka ya hamsini naikumbuka kama usingizi wa alasiri, ule ukiamka hujui ni asubuhi au jioni. Shule ilikuwa Kwale, juu vilimani, na ukungu uliingia darasani bila kubisha hodi, ukakaa nasi madawatini. Ulipoondoka, kule chini upande wa Diani bahari ilionekana nyembamba, kimya, haina hata sauti. Mwalimu wetu Mzungu alitusomea michezo ya wafalme waliokufa zamani. Nusu yake sikuielewa, na hiyo nusu ndiyo niliyoipenda zaidi.

Mwalimu alitaka niendelee Mombasa, kisha ng'ambo. Bibi, aliyenilea tangu mama yangu afariki, alisema ng'o. Kwa alivyoona yeye, wanaosoma sana hurudi wageni, hawali muhogo, hawakai mkekani. Tulitaniana sana mimi naye. Aliniita mume wangu, kama mabibi wa pwani wawaitavyo wajukuu, akanisuta kwamba mume gani huyu hawezi hata kukuna nazi. Lakini juu ya masomo hakuwa na utani. Pasipo ridhaa yake nisingekwenda popote, nami nilitaka kwenda mpaka nikaumwa.

Muhula ulipofungwa tukaonyesha mchezo uwanjani, mchana kweupe. Wasichana hatukuwa nao, kwa hiyo malkia nikawa mimi. Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba hata kwa Waingereza wa zama zile malkia walikuwa wavulana, nikaandika kitabu kizima juu yao. Malkia wangu alikuwa amefiwa na mwanawe, akarukwa na akili. Nikaanza kutetemeka na kulia kwa Kiingereza, kwa sauti nyembamba ya kike.

Bibi alikuwa mbele, mkekani, pamoja na kina mama waliokuja kwa lori. Kiingereza hakukijua. Kupunga pepo alikujua tangu usichana wake, na alichokiona kwake kilikuwa wazi: mtoto wake anatetemeka, anasema lugha ya watu, kwa sauti ya mwanamke. Akainuka taratibu, akaja mpaka niliposimama, akavua leso yake ya juu akanifunika gubigubi, kama wafunikwavyo wenye pepo. Mwalimu, maskini, akapiga makofi; alidhani tumelipanga hilo wenyewe.

"Karibu, mgeni wetu," Bibi akasema kwa adabu. "Wataka nini kwa mtoto wangu?"

Pepo akiulizwa hutaja haja yake, pete au kilemba au marashi, na akishaahidiwa mbele ya watu, ahadi hiyo haivunjwi. Nililijua hilo. Chini ya leso mlikuwa na harufu ya asumini na moshi wa jikoni, na mwanga ulipita mwekundu kama ndotoni. Ningesema tu kwamba ni mimi, tungecheka njia nzima mpaka Msambweni. Sikusema. Nikajibu kwa sauti ya malkia, kwa Kiswahili cha Kizungu:

"Mimi nataka yeye soma. Vuka bahari. Hapana soma, mimi hapana toka."

"Nimesikia," akasema Bibi. "Utapewa."

Nikapewa. Nikaenda Mombasa, na utani ukafa siku ile ile. Kila nilipokuja likizo Bibi alinitandikia kitambaa cheupe barazani, akaniwekea chai ya maziwa na mkate wa boflo, chakula cha yule mgeni wa Kizungu, nami nikala peke yangu. Yeye na wengine walikula muhogo jikoni, wakicheka. Wallahi, ningetoa boflo zote za dunia nipate kipande kimoja cha muhogo ule. Nilikuwa mjinga na mwenye hila, na mpaka leo sijui kipi kilikuwa kibaya zaidi.

Asubuhi ya safari ya ng'ambo nilimfuata chumbani mwake, nikapiga magoti nikamwambia yote. Kwamba siku ile hapakuwa na pepo, nilikuwa mimi, nilimdanganya, anisamehe. Akanisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa.

"Mapepo yote husema hivyo yakishapewa," akasema. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mgeni wangu, nakuomba. Siku utakapomchoka mtoto huyu, nirudishie."

Nililia, nikamwita Bibi, Bibi, kwa sauti yangu mwenyewe. Hakunitazama. Alikuwa akimngoja yule mwingine ajibu. Basi nikafuta machozi, nikaivuta ile sauti nyembamba ya malkia, nikamwambia, "Mimi tarudisha yeye." Hapo ndipo alipotabasamu, akaniachia mkono.