Dawa ya Nywele Mbele ya Wabunge

Mwenzangu wa saluni alianza kukohoa wakati wa kipupwe, tukadhani ni baridi tu. Yeye ni wa Lubumbashi, mimi wa Tanga, na kwa miaka sita tumekuwa tukisuka na kunyoosha nywele za watu hapa Malvern, Joburg, kwenye barabara ya Jules Street. Joto liliporudi, kikohozi hakikuondoka. Ndipo nilipogundua kuwa kilimpanda kila tulipopaka ile dawa ya kunyoosha na kupitisha pasi ya moto. Moshi wake ulituchoma macho sote. Hata wateja walijifunika taulo usoni.

Nesi wa kliniki nilikompeleka aliuliza dawa ina nini ndani. Tukaigeuza chupa mbele na nyuma: jina, picha ya mrembo, basi.

"Yaya," mwenzangu aliniambia tukirudi, maana kwao dada mkubwa huitwa hivyo, "nikiuza samaki aliyeoza watanifungia. Hii ninayoivuta kifuani kila siku, nani anaikagua?"

Wiki hiyo tukaitupa ile dawa. Wateja wengine wakatukimbia. Mmoja aliyebaki, mwalimu, alituambia kuwa wabunge wa jimbo wanasikiliza maoni ya wananchi kuhusu muswada wa kudhibiti kemikali za sumu katika bidhaa na maji. Mimi nilisita. Sisi wageni, na Kiingereza changu ni cha kuongea na wateja tu.

"Mapafu yangu yako hapa hapa Joburg," mwenzangu alinijibu. "Twende."

Tulimchukua binti yangu awe mkalimani, yeye ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kizulu. Mbele ya wabunge, mwenzangu alieleza yote, kikohozi kikimkatiza. Kisha bwana mmoja muuza vipodozi akasema sheria hiyo itaua biashara ndogo. Nikasimama bila kuitwa.

"Biashara ndogo ni sisi," nilisema. "Tunataka kujua tunavuta nini, na tunamwaga nini kwenye sinki. Maji yale kuna watu watakaoyanywa."

Binti yangu alitafsiri kila neno, kwa sauti kubwa kuliko yangu.

Muswada bado haujapita. Umeahirishwa mara mbili, na mara zote mbili tulikuwepo. Mwenzangu anapumua vizuri kidogo, ingawa ngazi bado zinamshinda. Sasa wasusi wengine wa mtaani wametia sahihi barua tuliyowaandikia wabunge. Kikao kijacho ni Jumanne. Tumeshawaambia wateja kuwa siku hiyo tutafunga.