Mlingoti Uliobeba Maombi ya Ofisi Nzima

Wadau, Jumatatu moja ofisi yetu ya serikali ilipokea rambirambi tangu asubuhi mpaka mchana, na hakuna mtu aliyekuwa amekufa.

Mtaniambia natia chumvi. Nisikilizeni kwanza.

Mimi ni tarishi. Pamoja na kupeleka barua, kazi yangu ni kupandisha bendera saa moja na nusu asubuhi, wafanyakazi wote wakiwa mguu sawa wakiimba wimbo wa taifa. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na barua ya kuthibitishwa kazini nilikuwa naisubiri kwa hamu kuliko chakula.

Wiki iliyotangulia mlingoti ulilazwa chini siku mbili upakwe rangi. Jumatatu ukasimamishwa, nikavuta kamba. Bendera ikafika katikati, ikagoma.

Nikavuta tena. Nikaning'inia mpaka miguu ikaacha ardhi. Wapi.

Sasa bendera ikiwa nusu mlingoti, mnajua wenyewe watu wanaelewa nini. Kufika saa nne mtaa mzima ulishajua kwamba Bosi wetu ametutoka. Shemeji yake aliingia getini analia, akamkuta marehemu anakunywa chai. Alimkasirikia kweli, maana alishaomba ruhusa ya siku tatu kazini kwake.

Bosi akatangaza kwamba hilo si tatizo la kamba, ni pepo. Jumanne akamleta mchungaji wake. Aliomba dakika arobaini, mkono kwenye mlingoti, na tulipoimba wimbo wa taifa Bosi akaufunga kwa haleluya tatu.

Bendera haikusogea.

Mama Masijala, mtu mzima wetu anayetunza mafaili, akasema kama ofisi ya umma imeshakuwa kanisa, basi na wao Waislamu wana haki yao. Jumatano akaja shehe wake, mpole, akasoma dua na kuondoka zake. Bendera vilevile.

Alhamisi ndiyo kilinuka. Kundi la Bosi liliimba wimbo wa taifa limefumba macho na kuinua mikono. Kundi la Mama Masijala likagoma kusimama, likasema hiyo sasa ni ibada ya watu. Dereva, ambaye hana msikiti wala kanisa, alibaki peke yake mguu sawa, anaimba kwa sauti mbaya kuliko zote. Akatuuliza kama nchi hii ina nafasi ya mtu anayetaka kuimba tu, kisha aende akaoshe gari.

Mimi nikajifanya napanga barua. Kijasho chembamba kilikuwa kinanitoka tangu Jumatatu, mtajua kwa nini.

Jioni Bosi akaniita. "Kesho anakuja mkaguzi kutoka makao makuu. Akikuta bendera iko nusu, kijana wangu, usihangaike kuulizia barua."

Mkaguzi alikuwa mama mfupi, mtaratibu, miwani inaning'inia shingoni. Alitazama juu, akauliza nani amefariki. Bosi akamweleza habari za pepo na maombi.

"Na fundi alisemaje?"

Wadau, siku ya tano hiyo, na hakuna aliyemwita fundi.

Akaagiza mlingoti ulazwe. Kwenye ncha kuna kijumba cha chuma, ndani yake kigurudumu kinachopitisha kamba. Akakifungua mwenyewe kwa bisibisi ya Dereva, akaanza kutoa vitu na kuvipanga juu ya faili lake.

Kikatoka kichupa cha mafuta ya upako, kimeviringishiwa karatasi ya kuomba uhamisho kwenda makao makuu, mwandiko wa Bosi. Ikatoka dua iliyokunjwa vizuri, imetaja cheo cha Mama Masijala na kile anachokitaka. Kikatoka kihirizi chenye uzi mwekundu, na Dereva akageuka kukagua tairi.

Kumbe siku zile za rangi kila mmoja aliunyemelea mlingoti kwa wakati wake. Akili ilikuwa moja: ombi likikaa pale juu, ofisi nzima italisimamia mguu sawa kila asubuhi.

Mwisho kabisa, kwenye kigurudumu chenyewe, ikatoka leso iliyojisokota na kuikaba kamba. Leso ya kuombewa, ndani yake picha ya pasipoti.

Picha yangu.

"Ulijua tangu Jumatatu?" mkaguzi akaniuliza.

Nikasema nilihisi. Jamani, niliona aibu. Watu walifunga kula, wakanuniana, wakapishana kwenye korido bila salamu, na mimi nilikuwa na jibu muda wote nikaogopa kulisema.

Hakunifukuza. Alisema kuomba si kosa na dini ya mtu haimhusu. "Ila kamba hii umeajiriwa uivute kwa niaba ya watu wote, wewe ukaitundikia shida yako. Miezi sita mingine ya majaribio." Bosi akaanza kucheka, akaambiwa wataonana ofisini.

Tukausimamisha mlingoti. Nikavuta kwa mkono mmoja, bendera ikapanda mpaka juu. Tukaimba wote, tukamaliza, na hakuna aliyethubutu kuongeza neno.

"Ashukuriwe Mungu," mkaguzi akasema, kisha akainama haraka kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Basi ndugu zangu, ombeni. Mimi naomba kila siku, tena kwa bidii, nyumbani kwangu, nimepiga magoti. Nikifika kazini navuta kamba tu. Pale juu tumeiachia bendera.