Hina Msibani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, watoto wa darasa langu walitoka shule wakiimba neno moja la Kiingereza njia nzima, wakalifikisha kisimani na kwenye shamba la kijiji. Neno lenyewe lilikuwa stay, kitenzi cha kukaa. Nilikuwa nimewaandikia ubaoni matumizi yake yote niliyoyajua: kukaa nyumbani, kukaa kimya, kukaa macho, kukaa kwa bibi wakati wa likizo. Nilikuwa binti wa Mtendeni, Tabora mjini, nimetoka chuo cha ualimu juzijuzi tu, nimepelekwa kufundisha katika kijiji cha Ujamaa mbele kidogo ya Igalula. Sikujiona haba, nisikufiche.

Nilikaa kwa Mama Kalunde, mama wa Kinyamwezi aliyeishi na mumewe, Mzee Shija. Watoto wao walikuwa wameshaoa na kuolewa, kwa hiyo akanifanya binti yake, ingawa aliniita Mwalimu. Jioni ile tukichambua mboga uani akaniuliza ni neno gani hilo linalowatoa watoto povu. Nikamweleza, tena kwa madaha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na kukaa na mfiwa je? Wazungu nao wana neno lake?" Nikamjibu kuwa ni hilohilo. Akafurahi kweli, akasema basi ni neno la maana.

Nadhani unajua kwetu msiba ulivyo. Mtu akifiwa, wanawake wanakuja na mikeka yao, wanatandika, wanakaa naye. Wanampikia, wanamchotea maji, wanalala palepale mpaka matanga yaanuliwe. Hakuna anayehutubia. Wengine hata hawasemi neno kutwa nzima, lakini mfiwa akigeuka huku anamkuta mtu, akigeuka kule anamkuta mtu.

Mzee Shija alifariki ghafla, wakati wa kuvuna. Mwenyekiti wa kijiji akawaruhusu watu wasiende shamba la pamoja, nayo shule ikafungwa. Nami nililia, nililia sana, maana yule mzee alikuwa akinichongea mipini ya majembe ya shule huku akinitania kuwa mikono yangu ni ya kushika chaki tu. Ila wiki ileile rafiki yangu Zuhura alikuwa akiolewa Tabora, na gauni langu lilikuwa limeshashonwa. Tukazika. Nikakaa kidogo na akina mama, nikampa Mama Kalunde mkono wa pole, nikamwambia nimeitwa kwenye kikao cha walimu mjini. Akaniambia nenda salama, Mwalimu. Nikapanda treni pale Igalula nikiwa na gauni kwenye kikapu.

Sitakudanganya kwamba harusini sikufurahi. Nilicheza, nikapakwa hina viganjani mpaka kwenye vifundo. Niliporudi kijijini matanga yalikuwa yameanuliwa na mikeka imeondoka. Mama Kalunde alikuwa peke yake uani. Nikamwinamia, nikamwambia shikamoo mama, nikanyoosha mikono yote miwili kama adabu inavyotaka. Hapo ndipo nilipoiona hina yangu mwenyewe.

Akaitikia marahaba. Akaitazama ile mikono, akaishika, akaniuliza kama nimekula. Laiti angenikaripia, mwanangu! Niliona haya hata ya kukaa chini. Na hina haiondoki kwa sabuni. Niliisugua kwa majivu na ndimu ngozi ikachubuka, nayo ikabaki. Nikafundisha nayo, nikapakua ugali nayo mbele ya yule mama aliyefiwa, siku baada ya siku, na kijiji kizima kikaiona. Hakuna aliyeniuliza habari za kikao.

Hina ilikuwa imeshafutika kabisa, na mvua zimeanza, mama yangu mzazi alipofariki. Nikaenda Mtendeni. Watu walijaa siku ya maziko, marafiki zangu wa mjini wote walifika, Zuhura naye alifika. Wengi wakatoa pole na kuaga, kila mmoja na shughuli yake. Sikuwa na mdomo wa kumlaumu yeyote.

Kesho yake mchana nikamwona Mama Kalunde mlangoni, amelowa, mkeka kwapani na kifurushi cha unga kichwani. Hakuwa na jamaa mjini wala hakuwahi kufika kwetu; alikuwa ameuliza njia tangu stesheni. Akatandika mkeka wake ubavuni pangu, akakaa. Alinipikia uji, akanisimamia mpaka nikaunywa. Kila nilipogeuka nilimkuta. Alikaa mpaka matanga yakaanuliwa, na mbegu alizopanda huku nyuma zikifukuliwa na ngedere.

Nilimsindikiza stesheni. Pale tukingoja treni nikashindwa kuvumilia, nikamwambia, "Mama, mimi kwako sikukaa."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nakutafuta kwenye mikeka. Ndiyo maana nikaja, Mwalimu. Najua inavyokuwa mtu wako asipoonekana."

Hakuyasema kwa kunisuta, na hilo ndilo lililonimaliza. Nimezeeka sasa, lakini mpaka leo nikialikwa harusini napeleka zawadi kwa mikono isiyo na hina, na wajukuu wananiona bibi mwenye vituko.

Sasa sikiliza. Asubuhi nimekusikia ukisema rafiki yako kafiwa na mama yake, nawe umeshamtumia rambirambi kwa simu, basi yamekwisha. Hayajaisha. Usiende kumpa maneno, maana hana pa kuyaweka. Nenda ukakae. Osha vyombo, chota maji, ukikosa kazi kaa tu akuone. Na ukishindwa kwenda, sema kweli kuwa umeshindwa, usitunge kikao.

Mkeka wangu uko nyuma ya mlango, uchukue. Mungu akufikishe salama, akupe moyo usio na haraka ya kuaga, na siku yako ikifika, mwanangu, kila utakapogeuka ukute mtu.