Spana ndani ya Debe la Wimbi

Juzi huko Nyaramba nilimwona fundi akifufua gari kuukuu, akizimwagia mafuta ya taa nati za usalama za gurudumu, zile zenye spana yake maalumu, zilizokataa kufunguka. Harufu ile ilinirudisha kwenye alasiri ambayo Baba Mdogo alikuja kujitwalia pikapu ya marehemu baba. Gurudumu moja lilikuwa na pancha, nalo lilifungwa kwa nati kama hizo.

“Nati hizi ni kaidi kama marehemu mwenyewe!” alifoka.

“Basi ziache, shemeji,” Mama alisema.

Nilidhani Mama amesahau kwamba spana pekee ya kuzifungua ilikuwa ndani ya debe la wimbi. Nilikimbia nikaileta, nikitarajia sifa.

“Binti mwerevu kama baba yake!” Baba Mdogo alicheka.

Leo najua kwamba Mama aliificha ili pikapu isichukuliwe, nami nikamsaidia mdhalimu. Jioni ile, pikapu ikiwa imekwenda, Mama alisonga ugali bila kuniangalia.