Elektroni Mbili za Profesa

Mwalimu wetu wa kemia tulimwita Profesa, naye, masikini, alidhani tunamsifu. Tai shingoni, kalamu tatu mfukoni, kichwani debe tupu. Mimi ndiye niliyeosha vyombo vya maabara yake, na salamu yangu aliijibu akiwa keshapita.

Kila mwaka aliwalisha watoto upuuzi uleule. Atomu ina protoni za chaji chanya kwenye kiini, na elektroni za chaji hasi zinazokizunguka, idadi sawa. Hapo sawa. Kisha anavimba: "Atomu ya shaba ikipoteza elektroni mbili, inabaki na nini? Upungufu! Kwa hiyo chaji yake ni hasi." Lo! Hasi mbili zimeondoka, protoni zimezidi, halafu hasi itoke wapi? Kwa mjomba wake?

Shule sikufika mbali, lakini macho ninayo. Mimi ndiye niliyeunganisha betri kwenye yale maji ya buluu yenye shaba, na mimi ndiye niliyesugua shaba iliyoganda. Siku zote iliganda kwenye fimbo ya upande hasi. Chaji zinazofanana husukumana. Shaba ile ingekuwa hasi, ingekimbia.

Nilimweleza siku moja, kwa adabu zangu zote. Akanitazama kama aliyesemeshwa na ufagio.

"Mama, kazi yako ni sabuni."

Mwaka uliofuata binti yangu aliingia darasani kwake. Alitaka uuguzi, na chuo hakimpokei aliyefeli kemia. Jioni moja akanifungulia daftari.

"Mama, hii si kweli. Nimemuuliza, kanitoa nje."

Nilijua yuko sahihi. Lakini woga ukanishika, maana alama za maabara zilikuwa mkononi mwa Profesa. "Mwanangu, mwenye nguvu mpishe. Andika anavyotaka yeye."

Mtihani wa mwisho ulitungwa na kusahihishwa na watu wa nje. Swali refu lilikuwa hilohilo, shaba na chaji yake. Binti yangu alifeli kwa alama mbili, na chuo kikamkataa. Profesa akatangaza kwamba watoto wa siku hizi wavivu, mshenzi yule.

Nilimuuliza mwanangu aliandika nini.

"Ulichoniambia, mama."

Profesa nitamdharau mpaka naingia kaburini. Lakini yeye angalau alikuwa hajui.