Minzi, Minzi

Dada yangu alikuwa akikimbia kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Hageuki, hapumziki. Mimi niliishia darasa la nne, na kwa mbio nilikuwa wa pili kwetu, maana yake nilikuwa nakula vumbi lake.

Alipoolewa akakaa miaka bila mtoto, mawifi wakaanza kumsema hadi kisimani. Ndipo akamsikiliza mchungaji wetu. Yule alikuwa mtu wa kuja, kwao nyanda za juu kusini, na alikuwa ameandaa mbio za imani kutoka Nyasubi, pale Kahama, hadi Isaka ili kuwavuta watu kanisani. Akamwambia dada, "Funga kavu, binti yangu. Kimbia bila tone la maji. Ukifika Isaka, tumbo lako limefunguka."

Nikamwambia, "Dada, hata ng'ombe haswagwi mbali hivyo bila kunyweshwa."

Akacheka. "Ng'ombe hajaokoka. Wewe kunywa tu, mimi nakusubiri Isaka na mapacha mgongoni."

Tukaondoka asubuhi, pikapu ya kanisa ikituongoza na spika zake. Jua la huku mnalijua. Mimi nilikuwa na chupa yangu mkononi, na kila nikinywa, wanakwaya walinizomea kutoka juu ya pikapu: "Huyo Tomaso huyo! Mleteeni pipa!" Dada akazidi kuniacha. Nikawa naona mgongo wake, kisha kilemba chake chekundu, kisha lami tupu.

Nilipomfikia alikuwa ameanguka kando ya barabara. Isaka ilikuwa bado mbele. Watu wamemzunguka, pikapu imesimama. Midomo imempasuka, macho hayamwoni mtu, anarudia neno moja: "Minzi. Minzi."

Mchungaji akainua mikono. "Ananena kwa lugha! Roho ameshuka!" Watu wakaitika haleluya.

Minzi ni maji. Kwa Kisukuma ni maji, basi. Mtoto wa kwetu analijua neno hilo kabla hajalijua jina la baba yake.

Nikapiga kelele, "Baba mchungaji, hiyo si lugha ya malaika! Anaomba maji!"

"Mtoeni huyo, anamzimisha Roho."

Sasa nawataja. Majina nayaacha, wenyewe wanajijua. Aliyenikamata mikono ni mzee wa kanisa, yule mwenye duka la mabati, Msukuma kama mimi. Aliyenipokonya chupa ni mwalimu wa kwaya, tulichunga naye. Dereva akaongeza sauti ya spika. Na mama yetu mzazi, aliyetufundisha neno lile tukiwa bado tunanyonya, alishuka kwenye pikapu akasimama pale amefumba macho anasema amina. Mchungaji sijamsamehe, lakini yeye alikuwa mgeni, hakujua. Hawa walijua.

Nilimng'ata yule mzee ndipo akaniachia. Nikaiokota chupa pale mwalimu alipoitupa, nikamwekea dada mdomoni, maji yakatokea pembeni yakamlowanisha kifua. Hayakwenda tena ndani. Tukampakia kwenye pikapu turudi Kahama, na hakuna aliyekumbuka kuzima wimbo. Alikata roho njiani, kichwa chake kwenye mapaja yangu.

Kwenye msalaba wa kaburi lake wakaandika: Mwendo ameumaliza.

Hakuumaliza. Aliangushwa njiani, na wengine wakimshangilia. Kila nikipita makaburini maneno yale yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki, mpaka mwaka jana nikaenda na kisu, nikaanza kuyakwangua. Mama akanikuta. Amezeeka sasa, anatembelea fimbo. Nilidhani atanigombeza, lakini alijishikiza tu akakaa kwenye tofali za kaburi, juani.

"Mayu," nikamuuliza, "siku ile hukusikia?"

Akachorachora chini kwa fimbo.

"Nilisikia, mwanangu. Nilingoja wenzangu waseme kwanza."

Nikaendelea kukwangua. Rangi ilikuwa ngumu. Baadaye akaniomba maji ya kunywa, na aliniomba kwa Kiswahili, yeye ambaye nyumbani hajawahi kunisemesha Kiswahili.

Nikampa.